Chupa Kifuani mwa Mama Nyamai

Obura aliingia mtaa wa Mbotela mbiombio asubuhi ya Jumatatu, shati limemganda mgongoni. Siku tatu alikuwa hajapata usingizi wa maana. Ijumaa stima ilipotea pale maabara, jenereta nayo ikagoma, na chupa aliyoilea wiki tano ikaanza kupoa mikononi mwake.

Ndani ya chupa hiyo mlikuwa na taya la Nyamai, mtoto wa miaka sita. Si taya hasa, jamani. Kilikuwa kipande cha plastiki chenye vitundu kama sponji, kimetiwa nyuzi za mkonge kisivunjike, na ndani ya vitundu mmepandwa chembe hai za mfupa wa mtoto mwenyewe. Mfupa ungekua, plastiki ingeyeyuka polepole, na lile pengo lililoachwa na uvimbe uliokatwa lingezibika. Nyuzi zilisokotwa na mamake, Nthoki, msusi wa vyondo, vile vikapu vya mkonge. Alizivingirisha pajani hadi zikawa nyembamba, maana mashine ya maabara ilitoa minyuzi ya kushonea magunia.

Ndiye aliyekuwepo Ijumaa. Obura hakuwa na njia nyingine. Alimpa chupa aifunge kifuani kwa leso.

"Inataka joto la mwili, Mama Nyamai. Usiitoe hata ukienda kuoga. Chembe zikipoa zimekufa, na hatuna nyingine."

Sasa nje ya nyumba ya Nthoki palikuwa na mabenchi ya kanisa, na akina mama wakipitisha chai kwa sauti za chini. Maombi ya operesheni, Obura alijiambia. Wakamba hawa kwa maombi hawana mchezo. Akawaamkua, akapenya ndani.

Nthoki alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono yote miwili kifuani. Dada yake, Annah, alikuwa akimbembeleza anywe uji.

"Tangu Ijumaa hajagusa kitanda," Annah alisema. "Anaogopa kuilalia."

Nthoki akafungua leso mwenyewe. Chupa ilikuwa na joto. Obura aliiinua dirishani, roho mkononi. Maji yaliyokuwa mekundu Ijumaa yalikuwa yamegeuka rangi ya chungwa, na hayageuki hivyo bure: chembe zilikuwa zinakula. Chembe mfu hazili.

"Ziko hai," alisema, na machozi yakamlenga, mtu mzima yule. "Mama, umezilea kuliko mashine. Jumatano daktari mkuu yuko. Tutampachika Nyamai, na Krismasi utamwona akitafuna muwa."

Annah akageuza uso.

Obura alitaka kuitia chupa mkobani. Nthoki akaichukua kwa upole, akairudisha kifuani.

"Daktari, una hakika ziko hai?"

"Mimi si daktari, mama, ni fundi wa maabara tu. Lakini hakika ninayo."

"Kumpachika unajua?"

"Nimeona wakiwapachika sungura. Lakini haraka ya nini? Jumatano si mbali."

Nthoki akainuka, akajifunga leso upya, akaikaza.

"Basi chukua vyombo vyako twende mochari sasa hivi, kabla hawajafunga sanduku. Sitaki mwanangu aingie ardhini na pengo."