Gari la Jirani Linauliza

Siku hizi gari likigongwa likiwa limeegeshwa, lenyewe huwauliza wapita njia nani aliyeligonga. Aliyetajwa, magari yote hukataa kumbeba kwa mwaka mzima.

Nilimwona mume wangu, Lusajo, akiligonga gari la jirani yetu, Mama Sekela, na kuondoka. Kesho anatakiwa hospitalini kusafishwa damu, kilomita arobaini kutoka hapa.

"Haya, mzee wa kanisa," aliniambia, "nitaje, kisha unibebe mgongoni."

Niliomba tangu alfajiri, sikupata jibu. Nilipopita, gari likaniita.

"Shikamoo, mama. Ulimwona aliyenigonga?"

"Marahaba. Sikumwona."

"Asante, mama. Wewe husemi uongo. Wengine sitawauliza."

Mama Sekela akatoka, akanishika mikono.

"Dada, tumwombee huyo aliyeligonga. Anza wewe."

Nikafumba macho.