Dakika Tisa za Mashine

"Weka na wewe, Mama Hesabu," fundi umeme alimchokoza, akimtingishia kofia iliyojaa noti. "Au hata mwenyewe huiamini?"

Wenzake wakaangua kicheko. Ofisi nzima ilikuwa imecheza kamari juu ya mashine yake ya kukokotoa, ya kwanza kabisa pale kazini. Hesabu za maji ya bwawa zilikuwa zikiwachukua makarani sita wiki tatu. Kwa maagizo aliyoyaandika yeye, mashine ingezimaliza kwa dakika tisa. Wao wote walisema itakwama njiani.

Vidole vilimwasha. Karata zilishamla mishahara, pete, hata saa ya marehemu baba yao. Wiki iliyopita alimwapia dada yake: akicheza tena hata mara moja, dada anafungasha virago, na yeye atabaki kuwalea peke yake wanawe mapacha. Na huyo dada alikuwa pale mlangoni, amekuja kumchunga, ameketi wima kama askari wa zamu.

Lakini hii haikuwa bahati nasibu! Asubuhi tu, wakati wa chai, dada alipomuuliza kama kweli itamaliza, alimjibu bila kusita, "Itamaliza, dada. Nimeikagua mara saba."

Aliisukuma kofia pembeni.

"Sichezi," alisema. "Washa."

Mashine ikaunguruma. Dakika ya tano taa zikafifia. Fundi akapiga mluzi wa furaha. Dakika ya nane kadi za matundu, zilizobeba maagizo yake, zikasitasita, kisha zikaendelea. Ya tisa, jibu likatoka. Karani mkuu akalilinganisha na la kwake, tarakimu kwa tarakimu, mpaka akavua miwani.

"Sawasawa," alisema kwa sauti ya chini. "Yote."

Chumba kikalipuka kwa vifijo, ingawa wote pale walikuwa wameliwa. Mwanahisabati alilia, akacheka, akamkimbilia dada yake.

"Umeona? Sijagusa hata senti!"

"Nimeona, mdogo wangu. Umenitoa kimasomaso."

Fundi akaja nyuma yao, uso umemshuka. Akampita mwanahisabati, akaimimina kofia yote mapajani mwa dada.

Dada akaanza kuzinyoosha noti, moja baada ya nyingine.

"Usinitolee macho," alisema. "Aliyeapa ni wewe."