Fundo la liboke

Jirani yetu anasema eti niliharibu kazi ya mama Ornella sababu ya wivu. Yeye hakukuwa pale.

Mama Ornella aliniita nipige picha ya bango la restora yake mupya. Akaweka mezani liboke ya samaki, bado moto ndani ya majani yake.

"Nimeipika mwenyewe tangu asubui. Piga vizuri, dada. Watu wa Bunia wajue kupika ni nini!"

Nikasogeza kamera. Kamba ya mugomba ilizunguka majani mara mbili, ncha imerudishwa chini ya fundo. Hakuna mwingine anafunga vile. Ni mama yangu tu, muuzaji wa liboke kando ya barabara, mwenye mama Ornella alifukuza mbele ya restora wiki iliyopita, eti moshi yake inakimbiza watu wa heshima.

Sikukasirika. Nilimuangalia tu, kama mutu anaangalia nzi kwenye muchuzi.

"Mama patro, mwenye restora, bango itapendeza na mikono yako. Funga liboke ingine, nipige."

Nikamusukumia jani moja ya kupamba meza, na kamba, nikainua kamera.

Yeye akaangalia kucha zake, kamba akaiacha mezani.