Kusahihishiwa na Baba

Printa ilimeza karatasi, ikaunguruma, ikakwama tena. Akello alifungua kifuniko, akachomoa karatasi iliyokunjamana.

"Usivute kwa nguvu, nyara, binti yangu," baba yake alisema kutoka kitini. "Igonge kidogo hapo ubavuni."

Printa hiyo ilikuwa nyumbani kwao Katito tangu Akello akiwa msichana wa shule, na haikuwahi kuwa na adabu. Baba, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyemfundisha kuandika programu. Jumamosi walikuwa wakizichapisha, kisha wanakaa mezani, naye anapitisha kidole kwenye kila mstari, kalamu nyekundu mkononi. Alisema kwamba kwenye karatasi makosa hayana pa kujificha. Sasa Akello aliishi Kisumu kwa kazi hiyo hiyo ya programu, na leo Baba alikuwa ameomba kuona anachoandika.

Akello akaigonga printa. Karatasi ikatoka taratibu, Baba akawahi kuichukua.

Ilikuwa nyeupe tupu. Wino ulikuwa umekwisha.

Akello alifungua mdomo amwambie. Lakini Baba alikuwa ameshaisogeza karatasi karibu kabisa na macho, na kidole chake kikaanza kushuka polepole, kama zamani.

"Hapa umeandika vizuri," alisema. "Ni fupi, na inaeleweka."

Akello alikitazama kidole kile kikitembea juu ya weupe. Akavuta kiti, akakaa karibu naye, akafungua kompyuta mapajani.

"Leo wacha nikusomee, Baba," alisema. "Wewe uniambie nilipokosea."