Kanga, Mshauri wa Vita

Siku ambazo wanyama walipigana bila mshauri, Nyani na Ngedere waligombea shamba la mahindi kwa kuumana tu, na kufikia mchana vita vimekwisha.

Kisha Kanga akamwambia Ngedere, "Bwana mkubwa, meno yamepitwa na wakati. Tengeneza manati, urushe punje za mahindi."

Ngedere akashinda. Nyani naye akamkimbilia Kanga, akashauriwa aunde manati kubwa ya kurusha mahindi mazimamazima.

Wakarushiana mwezi mzima, mpaka shamba likabaki mabua matupu.

"Sasa tunapigania nini?" Nyani akauliza.

Kanga, aliyenona hata kuruka hawezi, akameza punje ya mwisho.

"Heshima, wazee wangu! Ila mwakani pandeni mapema. Vita vya kisasa vinataka risasi nyingi."