Chachu ya Nyumba ya Kwanza

Nyumba ya kina Damari ndiyo iliyobatizwa kwanza katika mji ule, na mkate wa Pasaka uliumuliwa kwa chachu yao, donge linalomegwa kila mara kutoka kwenye unga uliokandwa kabla yake, tangu enzi za bibi yao. Damari aliringa nalo waziwazi.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mwanamke kutoka ng'ambo ya mto alipiga hodi akiwa na bakuli tupu. Watu wa kwao walikuwa wamebatizwa juzijuzi tu.

"Mama, tunaomba chachu kidogo. Na sisi tunataka kuoka."

Keziya, wifi yake Damari, alimsogelea sikioni. "Hiyo haijawahi kutoka humu ndani, wifi. Mungu alituchagua sisi."

"Alituchagua, na nitalisema hilo mpaka naingia kaburini," Damari alijibu kwa sauti. "Lakini bibi alipomega donge hili, alitafuta penye unga bora?"

"Unga si ule ule? Alimega palipokuwa karibu na mkono wake, akalitunza kama mwanawe."

"Alilitunza ili likae bakulini?"

Damari aliligawa donge, kipande kikubwa akakitia kwenye bakuli la mgeni na kukifunika kwa kitambaa chake cheupe cha kanisani. Kisha akasimama mlangoni, kidevu juu kama kawaida yake, akimsindikiza kwa macho. Mwanamke yule alipofika darajani, jua lilikuwa limeshapanda, na kitambaa kilikuwa kimeanza kutuna.