Waziri Hakimbii

Zamani za wanyama kushindana mbio, Paa aliwashinda wote, na Simba akamfanya waziri wa mabonde. Aliyemfundisha mbio hizo ni Kanga, mjane mwenye mguu mbovu, aliyekuwa akimpigia kelele kila alfajiri: "Inua magoti, mwanangu."

Barazani kwa Simba kulikuwa na desturi: waziri hutembea nyuma ya mwavuli wake. Na mwavuli wa Paa ulibebwa na Kobe.

Siku moja Mbayuwayu akatua barazani akihema. "Mheshimiwa, nyasi za kwa Kanga zinaungua, na mguu wake ndio ule unaoujua."

Paa aliruka kutoka kitini, miguu ikimwasha. Kobe akakohoa.

"Mheshimiwa, baraza linatazama. Waziri hakimbii."

Paa akalitazama baraza, nalo likamtazama. Akajipanga taratibu nyuma ya mwavuli. Njia nzima alikuwa akijiambia kwamba moto wa nyasi si moto, mara nyingi huzimika wenyewe.

Walipofika, jivu lilikuwa limekwisha poa. Ngiri, jirani yake Kanga, alikuwa ameketi pembeni, kichwa chini.

"Majirani wote hawa," Paa akasema, "hata wa kumbeba alikosekana?"

"Nilimwinamia apande mgongoni," Ngiri akajibu, bila kumtazama. "Akakataa. Akaniambia, 'Wewe beba wanao, baba. Mimi nina Paa.'"